Mungaa Ilipohamia Ikungi: Utangulizi wa Taaluma ya Kusasisha Rekodi

Mwaka 2012 kata ya Mungaa ilihama wilaya bila nyumba hata moja kusogezwa. Hadi hapo ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Singida, ile ambayo watu wengi waliizoea kwa jina la Singida Vijijini. Serikali ilipoimega na kuunda Wilaya ya Ikungi, Mungaa ikaangukia upande wa Ikungi. Mashamba ya mtama na alizeti yalibaki palepale, na njia ya kwenda sokoni ikabaki ileile. Kilichobadilika ni maandishi: mihuri, anwani za barua, fomu za shule, ripoti za zahanati, na kila mfumo wa kompyuta uliokuwa na neno Mungaa ndani yake.

Tuseme ndani ya mfumo mmojawapo palikuwa na mstari unaoeleza kwamba kata ya Mungaa iko chini ya Singida Vijijini. Karani anaufungua, anachagua Ikungi, anabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Ni kazi ya sekunde chache. Lakini kitufe hicho hakikumuuliza jambo moja zito: anasahihisha kosa, au anaandika badiliko? Kama ni kosa, maana yake Mungaa ilikuwa Ikungi tangu hapo, na hesabu za nyuma zote zirekebishwe. Kama ni badiliko, wagonjwa wa malaria walioandikwa Mungaa mwaka 2010 ni wa Singida Vijijini na watabaki kuwa wa Singida Vijijini. Wa Ikungi ni wale wa baada ya mgawanyo. Hayo ni majibu mawili yanayozaa takwimu mbili tofauti, na yote yanapitia kitufe kimoja.

Taaluma ninayokukaribisha inaanzia kwenye kitufe hicho. Inahusu namna programu za wavuti zinavyobadilisha rekodi zilizokwisha kuandikwa, na hasa namna zinavyofanya hivyo kwa kupitia modeli za vitu badala ya kuzungumza na kanzidata moja kwa moja. Vitabu vingi vya wanaoanza huitengea kurasa mbili tatu, baada ya sura ndefu ya kuingiza data na nyingine ndefu zaidi ya kuzitafuta. Naona mizani hiyo imepinduliwa. Kuandika rekodi mpya ni kazi nyepesi, kwa kuwa hakuna kinachopotea. Kusoma ni kwepesi zaidi. Anayesasisha ndiye anayefuta kitu ili aandike kingine, mara nyingi bila kujua amefuta nini.

Ili uelewe kwa nini kazi hii ina miiba, lazima ujue kwamba imekutanisha mawazo mawili yaliyozaliwa mbalimbali.

La kwanza ni wazo la majedwali. Mwaka 1970 Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM huko San Jose, California, alichapisha makala akipendekeza kwamba data zipangwe katika mahusiano, yaani majedwali yenye mistari na safu, na kwamba mtumiaji asilazimike kujua mashine inazihifadhi vipi ndani kwa ndani. Miaka minne baadaye wenzake wawili, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, walitangaza lugha ya kuulizia majedwali hayo, ambayo leo tunaiita SQL. Katika lugha hiyo kusasisha ni sentensi moja: badilisha jedwali fulani, weka thamani fulani, popote penye sifa fulani. Zingatia hiyo "popote". Sentensi ya SQL haizungumzi na mtu mmoja. Inazungumza na kundi. Ikitokea sifa uliyoitaja inapatikana kwenye mistari elfu kumi, yote elfu kumi itabadilika kwa pumzi moja. Ukisahau kutaja sifa, jedwali zima linabadilika.

La pili ni wazo la vitu, na lilizaliwa Oslo. Katika miaka ya 1960, kwenye Kituo cha Kompyuta cha Norway, Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walitengeneza lugha ya Simula kwa ajili ya kuiga kwenye kompyuta mambo yanayotokea duniani: foleni, bandari, viwanda. Toleo lao la mwaka 1967 ndilo lililoleta vitu kama tunavyovijua, kila kimoja kikiwa na hali yake na matendo yake. Kitu kina maisha. Kinaweza kubadilika uzito, anwani na jina, na kikaendelea kuwa kilekile. Mstari wa jedwali, kwa mtazamo wa Codd, hauna maisha ya namna hiyo: ni kauli tu, ambayo ni kweli au si kweli. Kauli haibadiliki, unaiondoa na kuweka nyingine.

Miaka ya 2000 wavuti ilipopamba moto, waandishi wa programu walikuwa wanafikiri kwa vitu huku wakihifadhi kwa majedwali, wakachoka kutafsiri kwa mkono. Hapo zikaja zana ambazo wenyewe huziita ORM, zinazokaa katikati na kufanya tafsiri hiyo: Hibernate ya Gavin King mwaka 2001 kwa watu wa Java, Ruby on Rails ya David Heinemeier Hansson mwaka 2004, Django iliyotoka kwenye chumba cha habari cha gazeti moja la Lawrence, Kansas, na kutolewa kwa umma mwaka 2005, kisha Laravel ya Taylor Otwell mwaka 2011, ambayo vijana wengi wa Dar es Salaam na Nairobi wameanzia. Mwaka 2002 Martin Fowler alikwisha kuzigawa zana za aina hii kwa mtindo: kuna zile ambazo kitu chenyewe kinajua kujihifadhi, na zile ambazo kitu hakijui lolote kuhusu kanzidata, kazi ya kuhifadhi ikiachiwa msimamizi wa pembeni. Rails, Django na Laravel ni za mtindo wa kwanza. Hibernate ni ya wa pili.

Usidhani hayo ni mambo ya mbali. Nygaard hakuishia kwenye lugha za kompyuta. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma cha Norway, akishikilia kwamba mtu atakayetumia mfumo awe na sauti katika kuubuni. Mapokeo hayo yalikua katika Chuo Kikuu cha Oslo, na watafiti wa chuo hicho wakaenda Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, wakashirikiana na wenyeji kujenga mfumo wa taarifa za afya ngazi ya wilaya. Kizazi cha pili cha mfumo huo, DHIS2, kimeandikwa kwa Java na kinazungumza na kanzidata kupitia Hibernate. Kenya iliuweka mtandaoni nchi nzima mwaka 2011. Tanzania Bara iliueneza kufikia mwaka 2013, ukabeba muhtasari wa takwimu za MTUHA, mfumo wa taarifa za huduma za afya, ambazo tangu miaka ya 1990 zilikuwa zikijazwa katika vitabu vikubwa vya karatasi vya zahanati na vituo vya afya. Kwa hiyo jedwali la Codd na kitu cha Dahl na Nygaard vimekutana Ikungi, kwenye meza ya mtu anayejumlisha wajawazito wa mwezi uliopita.

Sasa tuingie ndani. Chukua zahanati ya kufikirika katika kata ya Mungaa, yenye programu ya wavuti ya kuandikisha wajawazito. Mama amebadilisha namba ya simu. Msimbo wa kulishughulikia hilo, ukiandikwa kwa majina ya Kiswahili, hauzidi mistari mitatu:

mama = Mteja.tafuta(4127)
mama.simu = simuMpya
mama.hifadhi()

Mstari wa kwanza unakwenda kwenye kanzidata, unachukua mstari wenye ufunguo 4127, na kuujenga upya kama kitu katika kumbukumbu ya seva. Wa pili unagusa kumbukumbu hiyo tu. Kanzidata haijui lolote bado, na umeme ukikatika hapa hakuna kilichobadilika. Wa tatu ndio unaotunga sentensi ya SQL na kuituma. Uzuri wa zana hizi ni kwamba mistari hiyo mitatu inasomeka kama maelezo ya kazi yenyewe. Ubaya wake ni huohuo. Kubadilisha rekodi ya mtu kumefanana na kubadilisha thamani yoyote ndani ya programu, kazi isiyomgusa mwingine.

Wanaoanza hujikwaa hapa kwa sababu wanadhani kitu kilichoonyeshwa kwenye fomu ndicho kinachohifadhiwa. Sivyo. Katika wavuti kuna maombi mawili. La kwanza linaomba fomu: seva inamtafuta mama, inachora fomu yenye taarifa zake, inaituma kwenye kivinjari, kisha inakisahau kitu chote. La pili linakuja muuguzi anapobonyeza kuhifadhi: seva inamtafuta mama upya, inajenga kitu kingine kabisa, inakijaza yaliyotoka kwenye fomu, inakihifadhi. Kinachoviunganisha vitu hivyo viwili ni ufunguo 4127 peke yake. Na kati ya ombi la kwanza na la pili inaweza kupita sekunde tano, au dakika arobaini iwapo mtandao umekatika na muuguzi ameitwa wodini.

Ndiyo maana ufunguo haupaswi kuwa kitu chenye maana kwa binadamu. Jina la mama linaweza kusahihishwa, kijiji kikabadilika, namba ya simu ikahamia kwa mdogo wake. DHIS2 hukipa kila kituo alama ya herufi na tarakimu 11 ambayo haisemi chochote kuhusu mahali kilipo, na kwa hiyo haina sababu ya kubadilika wilaya inapogawanywa. Mfumo uliotumia jina la wilaya kama sehemu ya ufunguo wa kituo ungekuwa na kazi ya kuvunja na kuunganisha upya kila kilichoelekeza kwenye ufunguo huo.

Swali linalofuata linaonekana dogo: mstari wa tatu unapohifadhi, unaandika safu zipi? Django, usipoielekeza vinginevyo, huandika safu zote za rekodi, hata zile ambazo hukuzigusa. Hibernate pia, kwa kawaida yake. Rails, tangu toleo la 2.1 la mwaka 2008, huandika zile zilizobadilika tu. Mwandishi wa programu anaweza kufanya kazi miaka mingi bila kujua zana yake iko upande gani, mpaka watu wawili waguse rekodi moja.

Na wataigusa. Saa nne asubuhi muuguzi wa kliniki anafungua rekodi ya mama ili aandike uzito. Saa nne na dakika mbili karani wa mapokezi anafungua rekodi ileile ili abadilishe namba ya simu. Karani anahifadhi kwanza. Muuguzi anahifadhi baadaye, na fomu yake bado ina namba ya simu ya zamani. Kama fomu nzima inarudishwa kwenye kitu na safu zote zinaandikwa, simu mpya imefutika. Hakuna ujumbe wa kosa, hakuna taa nyekundu, na kila mmoja aliona maandishi ya kijani kwamba taarifa zimehifadhiwa. Wataalamu huliita sasisho lililopotea, na ndilo kosa ninalolichukia kuliko yote katika taaluma hii, kwa kuwa linamfanya mtumiaji mwaminifu aonekane mzembe. Wiki ijayo mama atapigiwa kwenye namba isiyopatikana, na karani ataulizwa kwa nini hakubadilisha.

Wengi wakisikia hivyo hukimbilia dawa ya kuandika safu zilizobadilika tu. Inasaidia, lakini haitoshi, na mfano wa kliniki unaonyesha sababu. Rekodi ya mjamzito ina tarehe ya hedhi ya mwisho na tarehe anayotarajiwa kujifungua. Ya pili hukokotolewa kutokana na ya kwanza, au hurekebishwa kwa kipimo. Muuguzi mmoja anasahihisha ya kwanza baada ya kuzungumza na mama. Mwingine, kwenye kompyuta nyingine, anarekebisha ya pili kwa kutumia tarehe ya zamani iliyoko kwenye skrini yake. Kila mmoja ameandika safu yake tu, hakuna aliyemfuta mwenzake, na matokeo ni rekodi yenye tarehe mbili zisizopatana ambayo hakuna aliyeiandika wala ambaye angeikubali. Safu zinaweza kuwa mbili ilhali jambo linalosemwa ni moja.

Dawa ninayoipendelea kwa rekodi za watu ni namba ya toleo. Kila mstari unabeba safu ya ziada, tuseme toleo la 7. Fomu inapochorwa inaichukua namba hiyo. Inaporudi, sentensi ya SQL inasema: sasisha mteja 4127 iwapo bado yuko toleo la 7, na mfanye wa 8. Kama mwingine amekwisha kupita, hakuna mstari wenye sifa hizo, kanzidata inajibu kwamba imegusa mistari sifuri, na programu inajua kuna mgongano. Hibernate ina utaratibu huu tayari, na Rails pia. Katika Django utaujenga mwenyewe au utatafuta nyongeza.

Lakini kuujua mgongano ni nusu ya kazi. Programu nyingi zikifika hapo humwambia mtumiaji kwamba hitilafu imetokea, ajaribu tena. Huo ni utovu wa adabu. Mtu ameandika kwa dakika kumi. Anastahili kuonyeshwa alichoandika yeye, alichoandika mwenzake, na safu gani zinagongana, aamue. Hapa mwandishi wa msimbo lazima aondoke kwenye kompyuta yake aende kukaa na muuguzi, kwa sababu ni muuguzi anayejua tarehe ipi iaminiwe, si Hibernate. Nygaard alilisema hilo kwa wafanyakazi wa chuma kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Hesabu za stoo zina dawa yake. Tuseme kuna dozi 30 za dawa mseto ya malaria, na watoa dawa wawili kila mmoja anatoa moja kwa wakati mmoja. Programu inayosoma 30, ikatoa 1 ndani ya kitu, kisha ikahifadhi 29, ikifanya hivyo mara mbili sambamba itabaki na 29 badala ya 28, na vitabu vitaonyesha dozi moja ambayo haipo. Usiilete hesabu kwenye kitu kabisa. Iambie kanzidata yenyewe: idadi iwe idadi iliyopo kutoa moja, iwapo idadi iliyopo inazidi sifuri. Zana zote nilizozitaja zina njia ya kusema hivyo. Pale ambapo uamuzi ni mrefu zaidi ya kutoa moja, funga mstari ndani ya muamala, yaani kundi la hatua zinazokamilika zote au kutenguliwa zote, fanya kazi yako upesi, ufungue. Kamwe usiufunge mstari ukimsubiri binadamu ajaze fomu. Akienda kunywa chai, zahanati nzima inasimama.

Kuna jambo jingine ambalo mtandao wa vijijini utakufundisha kabla ya kitabu chochote. Mtumiaji akibonyeza na ukurasa ukachelewa, atabonyeza tena. Ombi la kwanza huenda lilifika na jibu ndilo lililopotea njiani. Kuweka simu kuwa namba fulani hata mara kumi hakuna madhara, matokeo ni yaleyale. Kutoa dozi moja mara kumi kuna madhara. Basi maombi ya aina ya pili yapewe namba ya pekee tangu fomu inapochorwa, na seva iikumbuke, ili ikiiona tena iseme tu kwamba ombi hilo limekwisha kufanyika.

Turudi kwenye suala la kosa na badiliko, maana ndilo lenye kina kuliko mengine.

Katika kitabu cha karatasi, aliyekosea hukata kwa mstari mmoja na kuandika juu au pembeni, na lililokatwa linaendelea kusomeka. Mtu akija kukagua anaona yote mawili. Modeli ya kitu, kwa tabia yake, haina pembeni. Thamani mpya inakaa mahali pa ya zamani, na ya zamani inakwenda pasipojulikana. Walioijenga OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa, walilitambua hili mapema. Mfumo huo una mizizi yake Eldoret, katika ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Ulitanguliwa na mfumo mdogo wa kituo cha afya cha Mosoriot ulioanza mwaka 2001, na wenyewe ukaanza kutumika Eldoret mwaka 2006. Nao umejengwa juu ya Hibernate. Lakini ndani yake, ukisahihisha kipimo cha mgonjwa, mfumo hauandiki juu ya kipimo cha zamani. Unakibatilisha, ukitaja nani amekibatilisha, lini na kwa sababu gani, kisha unaandika kingine kipya. Anayetumia anaona kama amesasisha. Kanzidata inajua kwamba kuna kauli mbili, na moja imetanguliwa na nyingine. Nadhani huo ni usanifu mzuri kuliko mwingi niliousoma katika vitabu vya makampuni makubwa, na umetoka kwenye wodi za Bonde la Ufa.

DHIS2 nayo huweka kumbukumbu ya nani alibadilisha takwimu ipi na ilikuwa ngapi kabla. Lakini tazama kinachotokea kwa Mungaa. Vituo katika DHIS2 hupangwa kama mti: taifa juu, kisha mkoa, kisha halmashauri, kushuka hadi kituo. Jumla za wilaya hukokotolewa kwa kufuata mti ulivyo leo. Ukikihamisha kituo kutoka tawi la Singida kwenda tawi la Ikungi, kinahama na historia yake yote. Ripoti ya mwaka 2010 ikichapishwa upya itaonyesha Ikungi yenye wagonjwa katika mwaka ambao Ikungi haikuwapo, na Singida itakuwa na pungufu kuliko ripoti iliyosainiwa wakati ule. Je, hilo ni kosa la mfumo? Si lazima. Mganga mkuu wa wilaya anayetaka kujua mwenendo wa malaria katika eneo lake la sasa kwa miaka kumi atafurahi. Mkaguzi anayelinganisha na makabrasha atakasirika. Wote wawili wana haki, na kilichokosekana ni mfumo kutambua kwamba wameuliza maswali tofauti.

Njia ya kuwaridhisha wote ni kuacha kuuchukulia uhusiano wa kata na wilaya kama sifa ya kata. Uufanye uwe rekodi yenyewe, yenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha: Mungaa chini ya Singida Vijijini hadi 2012, Mungaa chini ya Ikungi kuanzia hapo. Kusasisha kunageuka kuwa kufunga rekodi moja na kufungua nyingine. Kiwango cha SQL cha mwaka 2011 kiliongeza majedwali yanayojua vipindi vya wakati kwa ajili ya mambo kama haya, ingawa zana nyingi za vitu zimekuwa nzito kuyafuata. Gharama ipo pia. Kila swali sasa linahitaji tarehe, kila orodha inakuwa ndefu, na mwandishi anayesahau kutaja "leo" anapata wilaya mbili kwa kata moja. Usilifanye hili kwa kila safu. Namba ya simu ya zamani haimsaidii mtu. Mipaka ya utawala, bei, vipimo vya maabara na hali ya ndoa mara nyingi vinastahili.

Halafu kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Kenya ilikuwa na yake tangu 2019. Sheria hizi zinampa mtu haki ya kutaka taarifa zake zilizokosewa zirekebishwe, na katika mazingira fulani zifutwe. Aliyezoea kubatilisha bila kufuta atajikuta katika njia panda: kipimo kilichoandikwa kwenye faili la mtu asiyehusika kimebatilishwa, lakini bado kimo, na yeyote mwenye ruhusa ya juu anaweza kukisoma. Hapa hakuna zana itakayokuamulia. Mfumo mzuri hutofautisha tangu mwanzo kati ya kubatilisha, kuficha na kufuta, na huandika nani ana mamlaka ya kila kimoja.

Mamlaka hayo yana hatari yake ya kiufundi, na ni fupi kuieleza. Zana za vitu huruhusu kuchukua kila kilichotoka kwenye fomu na kukimwaga ndani ya kitu kwa mkupuo. Ni raha kuandika, lakini fomu iko mikononi mwa mtumiaji na anaweza kuiongezea safu ambayo hukuichora, kama vile ile inayosema kwamba yeye ni msimamizi. Machi 2012 kijana wa Kirusi, Egor Homakov, alitumia mwanya wa namna hii kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo, akajipachika ufunguo katika akaunti ya mradi wa Rails wenyewe na kuingiza badiliko ili kuthibitisha hoja ambayo hakusikilizwa alipoieleza kwa maneno. Rails 4 ya mwaka uliofuata ikalazimisha waandishi wataje waziwazi safu zinazoruhusiwa. Taja safu zako, hata kama zana haikulazimishi.

Neno moja pia kuhusu sasisho la jumla. Siku wilaya ilipogawanywa, hakuna ambaye angetaka kufungua kila kijiji kimoja kimoja na kukihifadhi. Zana zote zina amri ya kusasisha mistari mingi kwa sentensi moja, na ndiyo sahihi. Lakini ujue kwamba amri hiyo hupita chini ya vitu. Katika Django, kwa mfano, haipitii njia ya kuhifadhi ya modeli, haiamshi viashirio vyake, wala haibadilishi safu ya tarehe ya marekebisho inayojijaza yenyewe. Kila kanuni uliyoiweka kwenye kitu, pamoja na kumbukumbu ya nani amebadilisha nini, imerukwa. Kwa hiyo kanuni ambazo ni lazima zisimame daima, kama vile idadi ya dawa isishuke chini ya sifuri, zishushe hadi kwenye kanzidata yenyewe, ambako hata sasisho la jumla haliwezi kuzikwepa.

Ukitaka kuingia katika taaluma hii, usianze na zana. Jifunze SQL hadi uweze kuandika kwa mkono kila sentensi ambayo zana itakuandikia, kisha uwashe kipengele cha zana kinachoonyesha sentensi hizo na uzisome kila siku kwa miezi michache. Ukiwa na mazoea hayo, lugha utakayoichagua haitakuwa na uzito mkubwa. Kama uko chuoni Dodoma au Dar es Salaam, au umemaliza kidato cha sita Singida na una kompyuta ya kuazima, jenga programu ya jedwali moja yenye fomu moja. Ifungue katika madirisha mawili ya kivinjari, ubadilishe safu moja kwenye dirisha hili na nyingine kwenye lile, uhifadhi yote mawili, kisha uangalie kanzidata imebaki na nini. Fanya hivyo kabla hujasoma kitabu chochote kuhusu somo hili.